Kibodi Haikufa, Tundu Ndilo Lililobadilika

Kwenye steshenari ya kijijini, kifaa kinachokufa mapema kuliko vyote ni kibodi. Printa husumbua, kompyuta huzimika umeme ukikatika, lakini hivyo huamka tena. Kibodi ikigoma, imegoma. Hapa Sapiwi, mkoani Simiyu, ninapochapa na kutoa kopi, maadui zake wanajulikana. Kiangazi upepo huinua vumbi la mbuga na kuliingiza mpaka kabatini. Msimu wa pamba ukifunguliwa, malori yakaanza kupita kuelekea viwanda vya kuchambua, nyuzi nyeupe huelea hewani na kutua juu ya kila kilichoachwa wazi. Kibodi za bei nafuu tunazonunua Bariadi mjini zina kipande cha mpira chini ya kila kitufe, na vumbi likishaingia mle hakuna namna ya kulitoa, kwa sababu plastiki zake zimebanwa kwa vijino ambavyo ukivigusa vinavunjika. Kwangu kitufe kinachotangulia kufa huwa A, na Kiswahili hakiendi bila A. Kaya, kata, mahakama, mkataba, yote hayo yanasimama.

Nilikuwa nimeizoea gharama hiyo kama mtu anavyozoea kodi ya pango. Kilichonibadilisha ni siku ofisi moja mjini ilipokuwa inasafisha stoo yake. Mali chakavu zilirundikwa uani: viti vilivyopasuka, taipureta zenye kutu, monita za chogo, na kibodi zilizofungwa fungu moja kwa kamba ya katani. Vijana wawili walikuwa wakikata nyaya kwa plaizi ili wauze shaba. Niliinua kibodi mojawapo na mkono ukashituka kwa uzito wake, kilo 2 na ushee. Niliigeuza. Mgongoni palikuwa na lebo ya karatasi iliyoandikwa IBM, namba 1391406, imetengenezwa Uingereza. Waya wake ulikwishakatwa, umebaki urefu wa kiganja. Nikabonyeza kitufe kimoja, kikalia tak, safi, kama kimetoka dukani jana.

Nilimuuliza mtunza stoo ina ugonjwa gani. Akasema haina ugonjwa, ila tundu lake siku hizi halipo.

Jibu hilo nimelibeba mpaka leo. Hakusema imekufa. Alisema kompyuta mpya hazina mahali pa kuichomeka. Mtu akiyasikia maneno hayo vizuri anajua kwamba anayepaswa kutibiwa si mgonjwa bali mlango.

Kibodi hiyo inaitwa Model M. IBM ilianza kuitoa katikati ya miaka ya 1980, na nyingi za soko la Uingereza zilitengenezwa kiwandani kwao Greenock, Scotland. Chini ya kila kitufe kuna springi iliyosimama wima. Kidole kikiibonyeza, springi inajikunja ghafla upande mmoja na kusukuma kinyundo kidogo cha plastiki, nacho kinakandamiza tabaka za plastiki nyembamba zilizochorwa njia za umeme. Mlio ule ni wa springi wakati inajikunja, na kidole kinajua herufi imeingia bila jicho kushuka kutazama. Haikuwa bahati. IBM walikuwa mabingwa wa taipureta za umeme, Selectric yao ikiwa sokoni tangu 1961, na walijua kwamba watakaokaa mbele ya kompyuta ni walewale waliokwisha kuzoea taipureta. Waliwaundia kitu kinachojibu vidole vyao.

Vitu hivi vilifika kwetu kwa kuchelewa, na hilo lina historia yake. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri, gharama zikawa kubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Zuio hilo lililegea taratibu, na milango ikafunguka kweli miaka ya 1990. Kwa hiyo mashine nyingi zilizoingia ofisi za mikoani zilikuwa zimekwisha kutumika Ulaya, zikaja kwa misaada, kwa miradi, kwa maboksi ya mitumba. Kisha zikahamia stoo. Ukipata kibodi ya namna hii Bariadi au Maswa, uwezekano ni mkubwa kwamba imewahi kuandika barua nje ya nchi kabla haijaandika barua ya Kiswahili.

Watu wengi wanafikiri dawa ni ile adapta ndogo ya zambarau inayouzwa kwenye maduka ya simu, upande mmoja tundu la duara na upande wa pili USB. Adapta hiyo haitafsiri chochote. Inaunganisha nyaya tu, na inafanya kazi pale ambapo kibodi yenyewe imefundishwa mazungumzo ya aina mbili. USB ilitoka 1996. Kibodi iliyotengenezwa kabla ya hapo haiwezi kuijua, hata uibadilishie plagi namna gani. Nimeona watu wakichomeka adapta hiyo, wakakuta kimya, wakahitimisha kuwa kibodi ni mbovu. Nyingine zimetupwa kwa hukumu hiyo.

Ukweli ni kwamba ndani ya waya ule mnene uliojikunja kuna nyaya nne tu za kushughulika nazo. Moja inaleta volti 5. Moja ni ardhi. Moja inapiga mapigo ya saa, na moja inabeba taarifa. Nyaya zangu zilikuwa zimekatwa, na rangi zake haziaminiki maana kila kiwanda kilipaka kivyake. Nikachukua mita, nikaiweka kwenye mlio. Ardhi ilijitambulisha yenyewe, kwa kuwa ndani ya Model M kuna bamba zito la chuma, na waya unaolia ukigusana na bamba hilo ndio ardhi. Volti 5 nikaifuata mpaka mguu chanya wa kapasita iliyo kwenye bodi ndogo ya ndani. Hizo mbili ndizo za kuogopa. Ukizichanganya unaweza kuunguza chipu ambayo haitengenezwi tena. Mbili zilizobaki, saa na taarifa, hazina hatari. Ukizikosea kibodi inanyamaza, unazigeuza, basi.

Kilichobaki ni mkalimani wa kugeuza mazungumzo ya nyaya hizo yaeleweke kwa USB, nacho ni kibao cha umeme kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, kiitwacho Pro Micro, chenye chipu ya ATmega32U4. Niliagiza Dar es Salaam, kikaja kwa basi ndani ya bahasha. Anayetaka kununua aangalie jambo moja: kipo cha volti 3.3 na kipo cha volti 5, na kibodi za zamani zinataka cha 5. Nilikilehemu kwenye zile nyaya nne, nikaongeza rezista mbili za kilo-omu 4.7 kutoka kwenye volti 5, moja kwenda waya wa saa na moja kwenda waya wa taarifa, ili nyaya hizo zikae juu wakati hakuna anayeongea. Kisha nikakipakia programu.

Kinachotokea baada ya hapo ningependa kila kijana anayesoma kompyuta akione kwa macho. Ukibonyeza A, Model M inatuma namba 1C. Ukiiachia, inatuma F0 halafu 1C tena, yaani imeachiwa. Kila namba inasafiri na biti 11: moja ya kuanza, nane za taarifa, moja ya ukaguzi, moja ya kumaliza. Kompyuta ya leo haitaki 1C. Kwa USB, A ni 04. Chipu inapokea 1C, inageuza, inapeleka 04, na herufi inatokea kwenye skrini kwa haraka ambayo jicho haliwezi kuishika. Kazi yote ya kuokoa kifaa kile ni kubadilisha namba moja kuwa nyingine. Springi hazikuguswa, vinyundo havikuguswa, tabaka za plastiki hazikuguswa.

Usafi ulichukua muda mrefu kuliko umeme. Vitufe vya Model M vinavuliwa kimoja kimoja, na katika nyingi maandishi yamepenya ndani ya plastiki yenyewe, hayafutiki. Nikaviloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, na kilichobaki chini yake nikakitoa kwa brashi ya rangi na kibano: vumbi jekundu ambalo si la kwetu, vumbi jeusi la mbuga, mabawa ya kumbikumbi, na nyuzi za pamba zilizojisokota kuzunguka springi. Kufungua ganda kunahitaji soketi nyembamba ya milimita 5.5. Skrubu zake hazitoki kwa bisibisi, na kulazimisha ndiko kunakopasua plastiki.

Kutoka fungu lilelile nilipata kibodi ya pili, ya kiwanda kingine, yenye plagi kubwa ya duara ya pini 5. Plagi hiyo ina mtego. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia plagi ya umbo hilo, na ile ya AT ya mwaka 1984 ikatumia umbo hilohilo, lakini mazungumzo ni mawili tofauti. Kwa ile ya kwanza A ni 1E ikibonyezwa na 9E ikiachiwa, na kompyuta haina namna ya kuijibu kibodi. Kwa ya pili mazungumzo ni ya pande zote mbili, yaleyale ya Model M. Aliyeunda kibodi yangu ya pili aliijua shida hiyo. Tumboni, chini ya kifuniko cha plastiki, aliweka swichi ndogo yenye alama X na A. Niliisukuma ikaenda A, na mkalimani kama yule wa Model M akaifaa bila kubadilisha kitu. Swichi kama hiyo ipo kwenye kibodi nyingi za enzi hizo, na wengi wanaozitupa hawajawahi kuzigeuza kutazama.

Aliyenionyesha thamani halisi ya kazi hii ni mama mmoja mstaafu wa jirani. Alisomea Chuo cha Uhazili Tabora enzi hizo, kabla chuo hicho hakijaunganishwa kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma, akafanya kazi ya katibu muhtasi ofisi kadhaa za mkoa wa Shinyanga wakati Simiyu haijawa mkoa. Matangazo ya kazi za serikali kwa makatibu muhtasi yamekuwa na sharti la kufaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja. Mama huyu alilitimiza sharti hilo zamani, na vidole vyake kumi vilifundishwa kwenye taipureta nzito. Kompyuta zilipoingia ofisini kwake alipelekwa kozi fupi, akapewa kibodi laini isiyo na mlio, akaanza kurukwa na herufi. Wakubwa zake wakaamua kuwa hawezi kompyuta. Kazi za kuchapa zikahamia kwa vijana wa vidole viwili.

Alikuja dukani kutoa kopi ya kadi ya bima. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, kisha akasimama akisikiliza, kwa sababu nilikuwa nachapa muhtasari wa mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwenye ile Model M. Akauliza, "Mwanangu, hiyo ni taipureta?" Nikampisha kiti. Aliweka vidole kwenye mstari wa kati, akatazama ukuta wala si skrini, na akaumaliza ukurasa uliobaki nikiwa bado natafuta miwani yangu. Hakukosea jina hata moja, na majina ya Kisukuma yana konsonanti za kutosha kumkwamisha asiyekuwa makini.

Nimeyatafakari sana yale. Aliambiwa hawezi kompyuta, kumbe kilichokuwa kimeshindikana ni kifaa cha kati, kile kinachopokea ujuzi wake na kuupeleka kwenye mashine. Maofisi yetu yalipokea kompyuta kwa haraka na kuhukumu watu kwa haraka hiyohiyo. Naamini tulipoteza waandishi wengi wazuri namna hiyo, na sioni haya kusema kwamba ulikuwa uamuzi mbaya. Siku hizi msimu wa mitihani ya shule ukifika namwita, tunagawana malipo, na ukurasa anaochapa yeye sihitaji kuusahihisha.

Mkalimani huyo ana faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kwa kuwa chipu ndiyo inayoamua kila kitufe kiseme nini, unaweza kuipangia. Model M haina kitufe cha Windows, maana ilizaliwa kabla yake, hivyo nilikipa kazi hiyo kitufe cha Caps Lock. Halafu nikafanya jambo ambalo sijaona kiwanda chochote kikilifanya kwa ajili yetu. Hapa tunaishi kwa ng'ombe. Hati za mauziano, barua za mtendaji, mashauri ya mifugo iliyoingia shambani, katiba za vikundi, kote neno ng'ombe linarudi na kurudi, na pamoja nalo majina ya watu na vijiji yenye sauti hiyo. Ile alama ya juu inahitaji kidole kidogo cha kulia kitoke mahali pake, na programu za kuandikia nazo hupenda kuigeuza ikatazama upande mwingine. Nimeweka kitufe kimoja, Scroll Lock ambacho hakuna anayekihitaji, kinachoandika ng' kwa pigo moja. Mama mstaafu alipokizoea alisema angekipata ujanani angemaliza kazi saa nane mchana.

Umeme ukikatika, na hukatika, naichomeka kibodi hiyohiyo kwenye simu kwa waya wa OTG. Simu nyingi za kisasa huikubali, ingawa Model M za mwanzo hula umeme kidogo zaidi na chaji ya simu inashuka upesi. Barua ya dharura inaandikwa, inatumwa, mteja anaondoka. Kifaa kilichotoka kiwandani kabla ya simu za mkononi kufika Bariadi kinaandika ndani ya simu ya mkononi.

Kuna jambo kuhusu programu zinazopakiwa kwenye mkalimani ambalo linanigusa kuliko ufundi wenyewe. Mojawapo ya zile zilizofungua njia iliandikwa na mtu aliyejulikana kwa jina la Soarer tu. Aliigawa bure kwa dunia nzima, na inafanya kazi vizuri ajabu. Lakini msimbo wake hakuuweka wazi, hivyo ikitokea kasoro hakuna mwingine anayeweza kuifungua na kuirekebisha. Nyingine, TMK, imeandikwa na Jun Wako, anayefahamika kama Hasu, na msimbo wake uko wazi kila mstari. Kutokana nayo wengine wametengeneza QMK, inayotumika leo kwenye kibodi mpya kwa za zamani. Mimi nimesoma mistari hiyo nikiwa Sapiwi, kwa bando la usiku, na nikabadilisha nilichotaka. Wote wawili nawashukuru, ila anayeacha kazi yake wazi anaacha na mlango wazi. Ndiyo sababu kila kibodi ninayotengeneza naandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya ganda lake: waya wa rangi gani ni upi, swichi imewekwa wapi, programu gani imepakiwa. Fundi wa miaka ijayo akiifungua asianze kubahatisha.

Nimetengeneza chache tu, na nyingine zimeshindikana. Zipo ambazo vishikizo vya plastiki vinavyoshika bamba vimekatika kwa uzee, vitufe vikawa vimelegea upande mmoja. Hizo zinatobolewa na kufungwa kwa skrubu ndogo za milimita 2, kazi ya siku nzima inayotaka mkono mtulivu. Zipo ambazo chipu yake imekufa kweli, na hizo nazihifadhi kwa ajili ya springi na vitufe. Lakini idadi kubwa ya zilizopita mikononi mwangu hazikuwa na ubovu wowote zaidi ya plagi kutokubalika.

Kwa hiyo nina ombi kwa halmashauri, vyama vya ushirika, shule, misheni na yeyote mwenye stoo anayejiandaa kwa mnada wa mali chakavu. Kibodi nzito yenye plagi ya duara usiikate waya. Igeuze, soma lebo, angalia kama ina swichi tumboni, kisha mwite fundi wa umeme yeyote mwenye mita aitazame kabla haijatupwa. Na kama ofisini kwako kuna katibu muhtasi wa zamani aliyeambiwa hawezi kompyuta, mwite yeye kwanza aijaribu.